Biskuti Mbili za Saa Nne

Jaribio la kwanza liliungua. La pili lilitoka gumu hata Jada, mumewe Viktoria, akagonga biskuti moja mezani mara tatu na kuuliza kwa adabu kama wenyewe wapo. La tatu lilisambaratika mkononi likarudi kuwa unga, na kuku wa jirani wakapata karamu. Viktoria hakucheka hata kidogo. Lakini la nne, Alhamisi moja mwishoni mwa Agosti, nyuma ya nyumba yao mtaani Awindiri, mjini Arua, pua yake ilimpa habari kabla ya macho. Karanga, simsim na ndizi mbivu vilikuwa vikinukia kwa pamoja kutoka ndani ya sufuria la mchanga.

Hakuwa na oveni, wala hakuwa na muda wa kuililia. Alikuwa ameweka sufuria kubwa juu ya sigiri, akamwaga mchanga mkavu ndani, akatuliza sinia la biskuti juu ya mchanga, akafunika, kisha akapanga makaa ya moto juu ya kifuniko. Moto chini, moto juu, na mpishi anatakiwa kukaa kando bila kugusa kitu. Hapo pa kukaa bila kugusa ndipo alipokuwa akishindwa, kwa sababu Viktoria ni mtu wa kufunuafunua.

Safari hii aliikalia mikono yake. Alipofunua mwishowe, biskuti ishirini na nane zilikuwa zimetulia kwenye sinia, kingo kavu, katikati laini, rangi ya udongo mwekundu wa njia ya Ajia. Aliuma moja ikiwa bado ya moto, akaungua ulimi, akapiga kelele iliyosikika nyumba tatu.

"Jada! Jada, kuja! Imekubali! Leo imekubali!"

Jada ni fundi wa pikipiki, na alikuja na spana mkononi, mafuta machafu mpaka kwenye viwiko. Akala moja. Akala ya pili. Aliponyoosha mkono kuchukua ya tatu, alichapwa kofi mkononi.

"Hiyo ya Baba," Viktoria alisema.

"Hata moja tu, Mama Linda?"

"Baba iko mgonjwa. Wewe iko na njaa tu. Njaa yako nangoja chakula ya mchana."

Jada alirudi kwenye pikipiki yake akilamba vidole pamoja na mafuta, na mkewe akaanza kucheza peke yake uani, kifuniko mkono mmoja, kitambaa mkono mwingine. Alikuwa na sababu ya kucheza, na sababu yenyewe ilikuwa kidole.

Viktoria ana miaka thelathini na sita, na kama umewahi kununua odi katika soko la Arua, yumkini umemwona bila kulijua jina lake. Odi ni karanga na simsim zilizokaangwa na kusagwa pamoja mpaka zikatoa mafuta, na huku West Nile mboga isiyotiwa odi huonekana kama imedharauliwa. Yeye anaikaanga mwenyewe, anaisaga mwenyewe, na anaisifia mwenyewe kwa sauti ambayo wenzake sokoni wamekwisha kuisamehe. Sauti hiyo aliirithi. Baba yake, Sajini Tongun wa Koboko, mji wa mpakani, aliwalea watoto watano kwa filimbi. Filimbi ya kwanza kuamka, ya pili kunawa, ya tatu kukaa kwenye chakula, na ole wako ukafika ya tatu hujanawa. Alistaafu jeshi miaka mingi iliyopita, lakini jeshi lenyewe halikuwahi kumtoka. Mpaka leo anakunja shuka lake pembe nne na kuvaa saa hata anapooga.

Mwezi wa Julai Sajini huyo alikanyaga kipande cha bati. Kidonda kidogo tu, kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Alikifunga kitambaa akasahau. Wiki tatu baadaye kilikuwa kidonda kikubwa, na Viktoria alimleta Arua kwa nguvu, akampeleka kliniki. Wakampima sukari ikawa kumi na sita, zaidi ya mara mbili ya kawaida. Daktari hakuzungukazunguka. Sukari isiposhuka na kidonda kisipoanza kujifunga kufikia mwisho wa Oktoba, kidole kitakatwa, na kikikatwa kidole hakuna anayeweza kuapa kwamba mguu utabaki.

"Nimesikia," Sajini alisema, na siku ile ile akarudi Koboko.

Vidonge alimeza, hilo halikuwa na ugomvi. Chakula pia alikikubali. Muuguzi wa lishe pale kliniki, Sista Susana, alimchorea sahani kwenye karatasi. Nusu ya sahani mboga za majani, robo maharage au samaki wadogo, robo iliyobaki ugali wa ulezi, ngumi moja na si mlima. Pasca, mke wa kaka yake Viktoria, ndiye anayekaa na mzee Koboko, naye aliibandika karatasi ile ukutani jikoni na kuifuata kama amri ya kijeshi. Ugomvi ulikuwa mmoja tu, chai ya saa nne. Tangu siku aliyoandikishwa jeshini, Tongun hajawahi kukosa chai ya saa nne, sukari vijiko vinne, na kitu cha kutafuna. Mandazi, mkate, na hasa kaak, vile viduara vya siagi ambavyo watu wa Yei na Juba, kule Sudan Kusini, huoka kwa ajili ya Krismasi na Idi, wakavigaragaza kwenye sukari ya unga mpaka vikawa vyeupe tupu. Koboko kuna mikono mizuri ya kuvioka, kwa sababu watu wa ng'ambo ya mpaka walikuja na mapishi yao, na mkono mzuri kupita yote ulikuwa nyumba ya pili kutoka kwa Sajini.

"Sukari kwa chai, toa," Sajini alimwambia Sista Susana. "Lakini bila kitu ya kutafuna, hiyo chai iko maji ya kuosha miguu."

Sista Susana alicheka, kisha akamgeukia Viktoria. "Tengeneza biskuti yako mwenyewe. Unga ya ulezi, odi yako, yai, ndizi mbivu kidogo, chumvi kidogo, sukari hapana. Mbili kwa saa nne. Lakini sikia mimi vizuri. Biskuti hapana dawa. Nasaidia tu kama ile sahani nakaa sawa. Mbili iko chakula, kumi iko taabu."

Basi ndiyo sababu ya kucheza uani na kifuniko. Viktoria, muuza odi asiyewahi kuoka hata mkate, alikuwa amepata kitu ambacho baba yake angeweza kutafuna na kubaki na kidole.

Biskuti kumi na nne, mbili kwa siku, siku saba. Alizipanga kwenye kopo la bati na kumkabidhi Igga, dereva wa gari la Koboko, Ijumaa asubuhi, huku akimwonya asilifungue hata njaa ikimuua. Kisha akakaa kungoja simu, roho juu juu.

Simu ilikuja Jumapili.

"Viktoria. Ile biskuti imekwisha."

"Baba! Kumi na nne? Siku mbili?"

"Wageni iko mingi," Sajini alisema. "Wewe nataka mimi nakula mbele ya watu, watu naangalia? Leta ingine. Leta mingi."

Hapo Viktoria alipaswa kushtuka. Badala yake alifurahi hata akakaa chini. Baba yake, ambaye maishani hakuwahi kusifia chakula zaidi ya kusema kimefika, alikuwa anaomba nyongeza! Na habari ya wageni ilikuwa ya kweli, kwa sababu huku kwetu mtu akila peke yake mbele ya wenzake huongelewa mpaka mazishini. Akahesabu wageni, akaoka thelathini. Zikaisha Jumatano. Akaoka hamsini. Igga naye akaanza kumpigia honi kutoka barabarani, kopo limejaa au bado?

Ulikuwa mwezi wa furaha kubwa. Alihadithia soko zima. Aliwaonjesha wanawake wa meza za jirani, na wanawake wa meza za jirani, ambao huwa hawakubali kitu cha mwenzao hata kwa dawa, walirudi kesho yake kuuliza kama kimebaki. Mmoja alitaka kwa ajili ya mtoto wa shule, mwingine kwa ajili ya mama yake mwenye presha. Viktoria aliwafundisha wote, na kila somo alilimaliza kwa sauti ya Sista Susana: mboga kwanza, maharage, ugali kiasi, halafu ndiyo biskuti, na ni mbili. Nyumbani kwake mwenyewe mambo yalibadilika. Binti yake Linda aliacha kununua pipi njiani, na Jada akapunguza sukari ya chai bila kuambiwa, ingawa alidai imetokea tu. Viktoria alijiona daktari. Usiku alilala anatabasamu.

Mwisho wa Septemba mzee alikuja Arua kupimwa. Viktoria alivaa gauni la kanisani. Alikuwa amebeba biskuti za kumpa kila mtu pale kliniki, kuanzia mlinzi.

Sukari ilikuwa kumi na nane.

Sista Susana alipima tena kwa kidole kingine. Kumi na nane. Daktari alifungua kitambaa cha mguu, akakitazama kidole muda mrefu, akakifunga. "Tumebakiwa na mwezi mmoja," alisema. Sajini Tongun alitazama ukuta kama aliyepangiwa zamu ya kuulinda.

Viktoria alitoka nje na kopo lake, akakaa kwenye benchi, akalia. Hakulia kistaarabu. Alilia na kamasi, akiwa na hakika kwamba amemlisha baba yake sumu kwa mikono yake miwili, tena kwa vifijo. Sista Susana alimfuata, akakaa naye, akamwambia ataje kila kitu kinachoingia kwenye bakuli. Viktoria akataja. Muuguzi akachukua biskuti moja, akaivunja, akainusa, akaila yote taratibu.

"Hii hapana weza kupandisha sukari namna hii," alisema. "Hata kama nakula tano. Wewe wacha kuangalia unga. Enda Koboko, angalia mdomo."

Jumamosi iliyofuata Viktoria alikwenda Koboko bila kumwambia mtu. Saa tatu na nusu alikuwa jikoni kwa Pasca, na Pasca, ambaye ni mwanamke wa maneno machache, alimwonyesha sahani ya mzee ya jana yake, karatasi ya ukutani, na jungu la boo, mboga ya majani ya kunde, lililokuwa tayari motoni. Kila kitu kilikuwa safi.

"Na biskuti?" Viktoria aliuliza.

"Mimi naona sahani," Pasca alisema. "Kopo, yeye naenda nayo kwa duka ya Shafiki. Kila siku saa nne kamili. Mimi hapana fuata mwanaume kwa duka."

Duka la Shafiki liko mkono wa kushoto ukielekea sokoni. Ni dogo, sabuni mbele, misumari nyuma, na kibaraza chenye benchi mbili. Shafiki aliwahi kuwa dereva wa malori ya jeshi, na kibaraza chake ndiyo kambi ya wastaafu wa mtaa ule, Waislamu kwa Wakristo, waliowahi kupigana upande mmoja na waliowahi kupigana pande mbili. Viktoria alipita mlango wa nyuma, akasimama kati ya misumari na sabuni, akachungulia.

Baba yake alikuwa amekaa nyuma ya meza ndogo, mgongo wima, kopo la bati mbele yake. Upande wa pili wa meza alikaa Paulino, mkimbizi kutoka Yei, naye mwanajeshi wa zamani wa jeshi lingine, jirani wa nyumba ya pili. Mbele ya Paulino palikuwa na bakuli la kaak. Nyeupe. Zimelowa siagi. Rejoice, mke wa mwanawe, ndiye aliyezioka, mwenye ule mkono mzuri kupita yote. Nyuma ya Paulino walisimama wazee wanne, kila mmoja na kitu chake ndani ya gazeti au leso, na kila mmoja akitazama kopo la Sajini.

"Leo namna gani?" Paulino aliuliza.

"Ile ile. Moja ya Arua, kaak mbili."

"Afande, jana ilikuwa moja kwa moja na nusu."

"Jana iko jana. Leo watu iko mingi, kopo iko moja." Sajini aliinua biskuti ya Viktoria kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga. "Angalia hii kitu. Simsim ndani, karanga ndani. Hii natoka Awindiri, mtoto wangu natengeneza kwa mkono yake. Wewe napata wapi ingine? Enda Juba, hapana. Enda Kampala, hapana."

"Hiyo kweli," alisema Shafiki akiwa amefumba macho, biskuti shavuni. "Wallahi, hiyo kweli."

Viktoria alishika rafu ya sabuni. Hakujua acheke au apige mayowe. Pale nyuma ya misumari, kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa anamsikia baba yake akimsifu mbele ya watu, na maneno yalikuwa matamu hata akatamani yaendelee kidogo. Na pale pale alikuwa anamwona baba yake akipokea kaak mbili, akipiga moja mdomoni, na sukari ya unga ikimwagikia kifuani kwenye shati lililopigwa pasi.

Alitoka.

"Shikamoo Baba."

Mzee mmoja alirudisha mandazi yake mfukoni. Sajini alifuta mdomo, akachelewa.

"Marahaba," alisema. "Wewe nakuja bila simu?"

"Baba, wewe umekula ngapi?"

"Kaak? Mbili tu. Tatu."

"Biskuti yangu. Tangu Agosti mimi naleta. Wewe umekula ngapi?"

Sajini aliangalia saa yake. Akamwangalia Shafiki, ambaye ghafla alikumbuka kuna sabuni za kupanga. Paulino ndiye aliyejibu, kwa upole, kama mtu anayetoa ushahidi bila kupenda.

"Mama, yeye hapana kula hata moja."

"Hata moja?"

"Hata kuonja. Sisi ndiyo nakula."

Ukweli ukatoka kidogokidogo. Jeshini, kila mtu hubadilishana posho yake. Asiyevuta sigara huzitoa kwa nyama ya kopo, mwenye majani ya chai huyatoa kwa sabuni, na Tongun alikuwa fundi wa mambo hayo, anasifika vikosi vitatu. Lakini palikuwa na chakula kimoja ambacho askari hakukigusa wala hakukibadilisha, nacho ni kile cha zahanati ya kambi, uji usio na chumvi na mkate mkavu wa wagonjwa. Waliolazwa na kukila, Sajini alisema, wengi hawakurudi kwenye mstari. Aliwaona. Aliwabeba baadhi yao. Basi kopo la kwanza lilipofika, na Igga akalitoa dirishani akitangaza mbele ya watu wote kwamba ni biskuti za mgonjwa, mzee alilipokea, akashukuru, na akaapa kimoyomoyo kwamba halitapita koo lake. Alikwenda nalo kwa Shafiki ili litafutiwe kazi nyingine. Paulino akaonja. Siku ya pili soko likawa limeshafunguliwa.

"Hiyo ya mgonjwa," Sajini alimaliza, akitazama chini. "Mimi nafikiri haina ladha. Nafikiri hawa nasema tamu kwa sababu ya heshima."

Hapo Viktoria alihisi hasira ikipanda kutoka visiginoni. Aliifunga, akasema kwa sauti ya filimbi ya tatu:

"Simama. Twende nyumbani. Wote!"

Na wote wakasimama, hata wale ambao hakuwajua majina.

Walikaa uani kwa Sajini. Pasca, bila kuulizwa kitu, alileta sahani mapema kuliko kawaida yake. Boo iliyopikwa na odi ilikuwa imejaa nusu nzima, kando yake maharage na ngumi moja ya ugali wa ulezi. Mzee akala. Kisha Viktoria akamwaga chai isiyo na sukari, akaweka biskuti mbili kwenye kisosi, akakisukuma mbele yake. Wazee sita walinyoosha shingo.

Sajini Tongun alichukua biskuti ya kwanza kama anayeshika kitu kinachoweza kulipuka. Akaichovya kwenye chai kidogo. Akauma.

Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatafuna tena, polepole zaidi, na macho yake yakaanza kutoka. Akaimaliza. Akanywa chai. Kisha akageuka, mwili mzima, kumkabili jirani yake.

"Paulino."

"Afande."

"Wewe ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na wewe nanyamaza? Mwezi mzima? Mimi natoa hii," alipaza sauti, akiinua biskuti ya pili juu, "HII, kwa kaak mbili? Moja kwa mbili? Hii iko moja kwa kumi! Mmenila, nyinyi watu! Mmenila mzima mzima!"

Paulino alijaribu kuuzuia uso wake, ukamshinda. Shafiki alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Hata Pasca, mwanamke wa maneno machache, alijificha nyuma ya kanga na mabega yakawa yanaruka. Viktoria alicheka akilia, kwa sababu baba yake alikuwa amekasirika kweli, na hasira ile ilikuwa sifa kubwa kuliko zote za kibarazani. Mzee alikula ya pili kwa macho yaliyofumba. Aliponyoosha mkono kuelekea kopo, binti yake akalifunika.

"Mboga ya mchana iko," alisema. "Kopo kesho."

Siku ile ile mambo yalipangwa. Rejoice aliitwa. Alikuja amejifunga aproni, na alipoelezwa kaak zake zilikuwa zinakwenda wapi alishika kiuno, kwa sababu mwezi mzima alikuwa akiwalaumu panya. Hakukasirika. Alitaka tu kuziona hizo biskuti zilizozishinda zake, akaonja, kisha kwa heshima ya fundi kwa fundi akauliza kiasi cha yai. Jioni haijaingia, wanawake watatu walikuwa uani na sufuria la mchanga, Viktoria akiwachapa mikono kila walipotaka kufunua. Tangu hapo Rejoice huwaokea wazee wa kibaraza kila wiki, kila mtu mbili zake, na mtu ambaye tayari ana biskuti za Arua mkononi hana sababu ya kubadilishana na yeyote. Soko la Sajini likafa kwa kukosa wateja. Yeye mwenyewe akalisimamia zoezi jipya kwa saa yake. Saa nne kamili wazee saba hunyanyua biskuti kwa pamoja, na asiyekula mboga jana yake hutolewa kwenye mstari.

Oktoba ilikuwa ndefu. Kila asubuhi Pasca alikiosha kidonda na kupiga simu Arua kueleza alichokiona, na kila asubuhi Viktoria alisimama katikati ya soko akiwa ameziba sikio moja. Bado. Bado. Kimekauka pembeni. Bado. Leo kimekuwa chekundu, chekundu kizuri cha nyama mpya. Siku aliyosikia chekundu kizuri aliwagawia wateja odi ya bure, akajuta, akagawa tena.

Siku ya kliniki walikaa kwenye benchi ya nje, baba na mwana, wakingoja kuitwa. Viktoria hakuvaa gauni la kanisani safari hii, wala hakubeba kopo. Alikuwa hajala tangu jana. Saa nne ilipofika, Sajini alitoa mfukoni biskuti zake mbili ndani ya leso safi iliyokunjwa pembe nne. Akala moja. Ya pili akaiweka kwenye kiganja cha binti yake.

"Baba, hiyo yako."

"Kula," alisema. "Wewe hapana kula tangu jana."

Alikula, na ilikuwa tamu, na machozi yakaanza kumlengalenga kabla hajajua kwa nini. Wakaitwa.

Sista Susana alipima. Tisa. Akapima tena kwa kidole kingine, kwa sababu ndivyo alivyo. Tisa. Kisha daktari akafungua kitambaa. Alikibonyeza kidole juu, akakibonyeza pembeni, akamwuliza mzee kama anasikia. Mzee alisema anasikia vizuri kabisa na ajaribu kubonyeza polepole. Daktari akanyanyua kichwa.

"Kidole hiki kinabaki," alisema. "Endelea hivyo hivyo. Chakula hicho hicho, dawa hizo hizo. Usiniharibie."

Viktoria alipiga vigelegele palepale, katikati ya kliniki. Watu walitoka vyumbani kutazama nani amejifungua. Alimkumbatia Sista Susana, akamkumbatia daktari, ambaye hakuwa amejiandaa, akamkumbatia mama mmoja mgeni aliyekuwa akipita na kikombe cha mkojo, na Mungu alisaidia hakikumwagika. Alipomgeukia baba yake, alimkuta amekaa vilevile, mguu wazi, akikitazama kidole chake.

"Viktoria."

"Baba."

"Ile kitu ya wagonjwa." Akaanza upya. "Mimi hapana kataa kwa sababu ya ladha. Kama mimi nakula, basi mimi iko mgonjwa. Mimi nilikuwa naogopa. Naogopa sana."

Katika miaka thelathini na sita Viktoria hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Akapiga magoti sakafuni, akaanza kuufunga ule mguu kitambaa upya, taratibu, kidole kwanza.

"Mimi pia, Baba," alisema.

Mzee akaweka mkono juu ya kichwa cha binti yake, akauacha hapo. Walikaa hivyo mpaka Sista Susana akarudi kuwaomba watoke, kwa sababu kulikuwa na wagonjwa wengine wanaongoja kiti.